Barua ya wazi: kampuni iliyoamriwa kufilisiwa kwa deni lenye ubishi ipewe rufaa yenye maana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,
Kwa Mwenyekiti wa Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania.

Waheshimiwa,

YAH: KULINDA MALI ZA KAMPUNI WAKATI RUFAA DHIDI YA AMRI YA UFILISI INAPOSUBIRI KUSIKILIZWA

Naandika nikiwa mwanahisa na mkurugenzi wa zamani wa kampuni ndogo iliyokuwa ikikamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, ambayo mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamuru ifungwe na mali zake ziwekwe mikononi mwa mfilisi, kwa sababu ya deni ambalo kampuni ilikuwa ikilipinga kwa maandishi tangu ankara yake ilipofika. Shauri letu bado liko mahakamani, na kwa heshima ya mahakama sitasema hapa nani kati yetu na mdai wetu ana haki, wala sitamtaja mdai huyo, mfilisi au jaji aliyetoa amri. Ninachokileta mbele yenu ni upungufu uliomo ndani ya sheria na kanuni zenyewe, ambao unaweza kumkuta mfanyabiashara yeyote mwenye kampuni iliyosajiliwa BRELA, na ambao ninyi, kila mmoja kwa nafasi yake, mna uwezo wa kuurekebisha.

Tangu tarehe 1 Desemba 2023, kwa Sheria Na. 11 ya mwaka huo iliyofanya marekebisho katika sheria mbalimbali za sekta ya sheria, mtu asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu katika shauri la madai hahitaji tena kuomba kibali ndipo akate rufaa Mahakama ya Rufani. Marekebisho hayo yalikuwa mema na nayapongeza. Hata hivyo, kwa kampuni iliyoamriwa kufilisiwa, kuondolewa kwa kibali kumerahisisha kuingia katika rufaa bila kulinda kile ambacho rufaa inakwenda kukiomba. Amri ya ufilisi huanza kufanya kazi mara inapotamkwa: akaunti za benki hufungwa, wafanyakazi huachishwa, mitambo hupelekwa mnadani, na siku rufaa inapoitwa ili isikilizwe, warufani wanaweza kushinda na wasiwe na chochote cha kurudishiwa isipokuwa cheti cha usajili na muhuri.

Naomba mniruhusu nieleze kwanza njia ambayo kampuni hufikia hapo, kwa sababu wengi wa wenye viwanda vidogo hawaijui mpaka siku wanapoletewa karatasi. Chini ya kifungu cha 279 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, mojawapo ya sababu zinazoiwezesha Mahakama Kuu kuifunga kampuni ni kushindwa kwake kulipa madeni, na kifungu kinachofuata, cha 280, kinaeleza lini kampuni itahesabiwa kuwa imeshindwa. Njia inayotumika zaidi ni mdai kuiandikia kampuni hati ya kudai fedha zake na kuiacha katika ofisi iliyosajiliwa. Muda uliowekwa ukipita bila kampuni kulipa, au bila kumpa mdai dhamana inayomridhisha, sheria inaihesabu kuwa haina uwezo wa kulipa. Utaratibu huu si wa kwetu kwa asili. Umo katika Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 1862, iliyoweka kiwango cha deni linalozidi pauni 50 na muda wa wiki tatu. Ulirudiwa katika sheria yao ya mwaka 1929. Na kutoka huko ukaingia Tanganyika kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 1932, ambayo wazee wa mahakama waliizoea kwa jina la Sura ya 212. Ulitungwa kwa ajili ya mdaiwa anayenyamaza kwa kuwa hana cha kujibu. Haukutungwa kwa ajili ya mdaiwa anayejibu kwamba hadaiwi.

Ndiyo maana mahakama za Uingereza, ambako utaratibu huu ulizaliwa, zilishauwekea mpaka zamani. Katika shauri la Mann dhidi ya Goldstein la mwaka 1968, Mahakama Kuu ya huko ilieleza kwamba mtu ambaye deni lake linabishaniwa kwa nia njema na kwa hoja za msingi hana hadhi ya mdai kwa ajili ya kuomba kampuni ifungwe, na kwamba kuyatumia maombi hayo ili kuibana kampuni ilipe ni kuutumia vibaya mwenendo wa mahakama. Mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa zikiurejea msimamo huo, na sidhani kama kuna wakili wa mashauri ya biashara hapa nchini asiyeujua. Kama una deni lenye ubishi, mahali pake ni shauri la kawaida la madai chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ambako mashahidi huitwa, mkataba husomwa, mtaalamu huhojiwa, na mwisho wake hutolewa hukumu inayosema nani alipe na kiasi gani. Katika maombi ya kufunga kampuni, sehemu kubwa ya ushahidi huwa ni viapo vya karatasi tu.

Tatizo liko katika neno moja la kipimo hicho, yaani kwamba ubishi uwe "wa msingi". Sheria yetu haisemi ubishi wa msingi ni upi wala haisemi ushahidi wa namna gani unatosha kuuonyesha. Jaji mmoja ataona barua za kulalamikia mtambo zinatosha. Mwingine ataona barua hizo ni mbinu za kuchelewesha malipo. Silaumu majaji kwa kutofautiana, kwa kuwa hiyo ni kazi yao na ndiyo sababu ya kuwapo Mahakama ya Rufani. Lakini panapokuwa na nafasi pana namna hiyo ya kutofautiana, na matokeo yake yakawa ni uhai au kifo cha kampuni, rufaa haiwezi kuwa jambo la kuwekwa pembeni.

Sisi tulinunua mtambo wa kukamua pamoja na mashine ya kuchujia, tukalipa sehemu kubwa ya bei, na tukazuia salio kwa sababu kwa maoni yetu mtambo haukuwa ukikamua kiasi kilichoandikwa katika mkataba na ulikuwa ukiacha mafuta mengi mno katika mashudu. Muuzaji alikuwa na maelezo yake: kwamba mbegu zetu hazikukaushwa vizuri, na kwamba fundi wetu aliufunga mtambo kinyume cha maelekezo. Yote mawili yanawezekana. Hilo ni swali linaloweza kujibiwa na mhandisi wa mitambo kwa kuwasha mashine, kupima unyevu wa mbegu, na kupima mafuta yanayobaki katika mashudu. Halikuulizwa kwa namna hiyo mahali popote. Tuliletewa hati ya madai, tukaijibu ndani ya muda kwa kueleza ubishi wetu na kuambatanisha vipimo vyetu, kisha tukapokea maombi ya kufungwa kwa kampuni. Hakuna mdai mwingine aliyejitokeza kuyaunga mkono maombi hayo. Mishahara ilikuwa imelipwa. Wakulima walikuwa bado wanaleta mbegu, jambo ambalo wasingelifanya kwa kiwanda wanachojua kimefilisika, maana habari za namna hiyo vijijini husafiri kwa kasi kuliko tangazo la gazetini.

Mahakama Kuu ikaona ubishi wetu hautoshi. Wakati ule kibali kilikuwa bado kinatakiwa, kwa kuwa amri iliyotolewa chini ya Sheria ya Makampuni haikuwa hukumu ya shauri la madai la kawaida ambayo ungeweza kuikatia rufaa moja kwa moja. Tuliwasilisha notisi ya rufaa ndani ya siku 30, na tukaomba kibali Mahakama Kuu, mbele ya mahakama ileile ambayo uamuzi wake tulitaka kuupinga. Kipimo kilikuwa kile kilichowekwa na Mahakama ya Rufani katika maombi namba 138 ya mwaka 2004 yaliyolihusu shirika la utangazaji la BBC, kwamba kibali kitatolewa pale sababu za rufaa zinapoibua jambo lenye umuhimu kwa umma, au hoja mpya ya kisheria, au pale inapoonekana kwa juujuu kwamba rufaa ina hoja ya kujadiliwa. Tulinyimwa. Kanuni ya 45 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 ilituruhusu kuomba tena, safari hii Mahakama ya Rufani yenyewe, ndani ya siku 14 tangu kunyimwa, nasi tukafanya hivyo. Maombi hayo yalikuwa yakisubiri tarehe ya kusikilizwa pale Bunge lilipokifuta kibali. Kwa hiyo tukaambiwa, na ni kweli kisheria, kwamba tunachokiomba hakihitajiki tena. Muda wa kuwasilisha rufaa yenyewe ulikuwa umeshapita tukisubiri kibali ambacho sasa hakikuwa na kazi, nasi tukalazimika kuomba kuongezewa muda chini ya Kanuni ya 10.

Sisimulii haya ili nionewe huruma. Nayasimulia kwa sababu kipindi chote hicho, kuanzia amri ilipotolewa hadi tulipopata nafasi ya kuwasilisha rufaa, mfilisi alikuwa kazini, na kisheria hakuwa na kosa. Wajibu wake ni kukusanya mali, kuziuza na kugawa fedha kwa wadai kwa mpangilio wa sheria. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba asubiri.

Mtaniambia kwamba tungeomba amri ya kusimamisha utekelezaji. Naomba tuitazame kwa makini Kanuni ya 11, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo fundo lenyewe. Kanuni hiyo inasema wazi kwamba rufaa kwa yenyewe haisimamishi utekelezaji wa amri inayokatiwa rufaa, ila Mahakama inaweza kuusimamisha ikionyeshwa sababu nzuri. Mwombaji anatakiwa afike ndani ya siku 14 tangu alipopewa taarifa ya utekelezaji, aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, na atoe dhamana ya kutimiza amri endapo atashindwa. Masharti haya yanaingia akilini kabisa kwa mtu aliyehukumiwa kulipa fedha au kuhama kiwanja. Kwa kampuni inayofilisiwa hayaingii. Kwanza, amri ya ufilisi haina siku ya utekelezaji; haimsubiri mtu aombe ikaziwe hukumu wala haitanguliwi na taarifa ya dalali wa mahakama, kwa hiyo siku 14 zinahesabiwa kuanzia lini? Pili, na hili ndilo zito zaidi, kampuni inaambiwa ilete dhamana wakati kila kilicho chake kiko mikononi mwa mfilisi, na mali yoyote itakayoitoa baada ya maombi ya ufilisi kufunguliwa inaweza kuhesabiwa kuwa imetolewa bila uhalali. Ni sawa na kumnyang'anya mtu jembe kisha kumtaka alete mavuno kama rehani ya kurudishiwa jembe lake. Wakurugenzi wanaweza kuweka nyumba zao, kama wanazo na kama wake au waume zao wanaridhia, lakini hapo tutakuwa tumeifuta ile maana yenyewe ya kampuni kuwa na dhima yenye ukomo, yaani kwamba deni la kampuni lisifuate mali binafsi za wenye kampuni.

Jambo lililoniuma zaidi, na ambalo ningependa Tume ilitazame kipekee, ni hatima ya mtambo wenyewe. Ubishi wetu wote ulikuwa juu ya uwezo wa mashine moja. Mashine hiyo ilikuwa ndicho kielelezo kikuu, na kwa kuwa ilikuwa pia ndiyo mali ya thamani kubwa kuliko zote za kampuni, ndiyo iliyouzwa mapema. Ilifunguliwa, ikapakiwa, ikaenda kwa mnunuzi wa mnada. Leo Mahakama ya Rufani ikikubaliana nasi kwamba ubishi ulikuwa wa msingi na kwamba ulistahili kusikilizwa katika shauri la kawaida, hakuna mhandisi atakayeweza kuipima katika hali iliyokuwa nayo. Hata mdai wetu, ambaye naamini angependa kuthibitisha kwamba mtambo wake ulikuwa mzima, amenyimwa nafasi hiyo. Sheria iliyokusudiwa kulinda mali za wadai imeuza ushahidi wa kama mdai huyu alikuwa mdai kweli.

Na wako waliopoteza bila kuwa na ugomvi na yeyote. Wakulima walioacha mbegu zao kiwandani kwa stakabadhi, wakisubiri bei ipande, wamejikuta wakipanga foleni ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya gharama za ufilisi na nyuma ya madai yanayopewa kipaumbele. Kama rufaa itafaulu, hakuna kanuni inayosema nani atawafidia.

Liko pia swali la nani anaisemea kampuni baada ya amri. Mamlaka ya wakurugenzi hukoma na kuhamia kwa mfilisi, naye mfilisi hana sababu ya kukata rufaa dhidi ya amri iliyompa kazi. Mahakama za Uingereza zilikubali tangu mwaka 1879, katika shauri la kampuni ya Diamond Fuel, kwamba wakurugenzi hubaki na uwezo wa kukata rufaa kwa jina la kampuni kuipinga amri ya kuifunga, kwa kuwa vinginevyo kampuni isingekuwa na mdomo wa kulalamikia kifo chake. Kwetu msimamo huo tunauchukua kama hoja ya kushawishi, haumo katika kifungu chochote cha sheria tunachoweza kukifungua na kukionyesha. Matokeo yake ni kwamba kila hatua tuliyopiga ilikutana na pingamizi la awali kwamba hatuna mamlaka ya kusaini, na kila pingamizi lilikula muda na ada ya wakili ambayo, kama mnavyoelewa, haikuwa ikitoka tena katika akaunti ya kampuni.

Wapo watakaosema kwamba barua hii inatetea wadaiwa wakorofi. Nakiri kwamba wapo wengi. Nimefanya biashara miaka ya kutosha kuwajua watu wanaochukua mzigo kwa mkopo, wanauza, kisha siku ya kulipa wanagundua ghafla kwamba mzigo ulikuwa na kasoro. Mdai wa kweli anahitaji silaha kali, na tishio la ufilisi ni silaha ambayo hata mimi, nikiwa mdai, nisingependa inyang'anywe. Zaidi ya hapo, maombi ya ufilisi si ya mdai mmoja peke yake. Ni utaratibu wa wadai wote kwa pamoja, na kampuni iliyofilisika kweli ikiachwa iendelee kujiendesha kwa kisingizio cha rufaa itamaliza hata kile kidogo kilichobaki. Kwa hiyo siombi kwamba kila rufaa isimamishe kila kitu. Ninachokiomba ni chembamba zaidi ya hapo: kwamba pale amri ya ufilisi inapojengwa juu ya deni la mdai mmoja, na deni hilo lilikuwa limepingwa kwa maandishi kabla ya maombi kufunguliwa, na kampuni imekwisha kulipa au kuweka mahakamani sehemu ya deni isiyo na ubishi, basi mfilisi atunze mali na asiziuze mpaka rufaa iamuliwe. Atunze, azikatie bima, azuie wakurugenzi wasizihamishe, akusanye madeni ya nje kama yapo, auze bidhaa zinazoharibika baada ya kuiarifu mahakama. Hapo mdai hapotezi kitu zaidi ya muda, na muda huo mahakama inaweza kuufupisha kwa kuzipa rufaa za namna hii nafasi ya mbele katika orodha ya vikao.

Majirani na waliotutangulia katika sheria hizi hawajakaa kimya. Kenya iliachana na vifungu vya zamani vya ufilisi kwa kutunga Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, na kiwango cha chini cha deni linaloweza kuleta hati ya madai dhidi ya kampuni, ambacho chini ya sheria ya zamani kilikuwa deni linalozidi shilingi 1,000, sasa ni shilingi 100,000 za Kenya, pamoja na muda wa siku 21. Uingereza, ambako kiwango cha kawaida ni pauni 750, ilikipandisha hadi pauni 10,000 kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022, wakati biashara zikijikongoja kutoka katika janga la Uviko-19, na katika kipindi hicho ilimtaka mdai aipe kwanza kampuni siku 21 za kuleta pendekezo la malipo. Sitaki tunakili viwango vyao. Nataka tuone kwamba inawezekana kumtaka mdai apite hatua moja ya kistaarabu kabla ya kuomba kampuni izikwe, na kwamba uchumi wa nchi hizo haukuanguka kwa sababu hiyo.

Sisi tuna mfano wetu wa jinsi mashauri haya yanavyoweza kurefuka. Maombi ya kuifunga kampuni ya kufua umeme ya IPTL yalifunguliwa Mahakama Kuu mwaka 2002 na mwanahisa mwenye asilimia 30, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, ikateuliwa kuwa mfilisi wa muda Desemba 2008, na amri ya kuhitimisha shauri hilo Mahakama Kuu ilitoka Septemba 2013. Mengi yamesemwa bungeni na kwingineko kuhusu yaliyofuata, nami sina la kuongeza. Nataja tu kwamba mitambo ya kampuni hiyo iliendelea kusimama pale Tegeta miaka yote hiyo, kwa sababu taifa lilihitaji umeme na hakuna aliyethubutu kuing'oa. Kiwanda cha alizeti hakina ulinzi wa namna hiyo.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Ibara ya 107A inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Naamini Bunge lilikuwa na roho ya ibara hizo lilipokifuta kibali mwaka 2023. Kazi hiyo imebaki nusu.

Kwa hiyo namwomba Mheshimiwa Waziri apeleke bungeni marekebisho ya Sheria ya Makampuni yatakayotamka kwamba deni linalobishaniwa kwa hoja za msingi si msingi wa maombi ya ufilisi, yaeleze ni ushahidi gani utakaotosha kuonyesha ubishi huo katika hatua ya awali kabla maombi hayajatangazwa gazetini, na yaandike bila utata kwamba wakurugenzi waliokuwapo siku ya amri wanaweza kukata rufaa kwa jina la kampuni kwa gharama zao, bila kuomba ruhusa ya mfilisi. Namwomba Mheshimiwa Jaji Mkuu, kwa mamlaka yake ya kutunga Kanuni za Mahakama ya Rufani, aitazame Kanuni ya 11 na kuongeza fungu linalohusu amri za ufilisi peke yake, ambalo litasema siku zinahesabiwa kuanzia wapi na litaruhusu zuio la kuuza mali kutolewa bila dhamana ya fedha pale ambapo mali zote tayari ziko chini ya ulinzi wa mfilisi, maana hakuna dhamana iliyo bora kuliko hiyo. Tume ya Kurekebisha Sheria naiomba ikusanye maoni ya wafilisi, mabenki, RITA, mawakili na wenye viwanda vidogo, na isiwasahau wakulima wenye stakabadhi, ambao kwa kawaida hawaalikwi katika mikutano ya namna hiyo kwa kuwa hawana barua pepe.

Liko jambo moja lisilohitaji kusubiri Bunge. Mahakama Kuu inapotoa amri ya kuifunga kampuni kwa sababu ya deni linalotokana na ubora wa kitu fulani, iwe mtambo, gari, jengo au shehena, inaweza leo hii, kwa mamlaka iliyo nayo juu ya mfilisi, kumwelekeza asikiuze kitu hicho mpaka muda wa kuwasilisha notisi ya rufaa upite, na kama notisi imewasilishwa, mpaka kitu hicho kikaguliwe na mtaalamu anayekubaliwa na pande zote na taarifa yake iwekwe katika jalada. Mwongozo wa ukurasa mmoja kutoka ofisi ya Jaji Mkuu ungetosha kuufanya huo uwe utaratibu wa kila siku. Kwetu sisi umechelewa, lakini maombi mengine ya aina hii yanaendelea kufunguliwa.

Niko tayari kufika mbele ya Tume, au mbele ya afisa yeyote mtakayemteua, nikiwa na nyaraka zote isipokuwa zile ambazo mahakama itaelekeza zisitolewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanahisa na mkurugenzi wa zamani wa kampuni ya kukamua alizeti,
Singida